Betri ya Baiskeli Kuukuu ya Umeme: Ya Kampuni, Iliyo Tayari, ya Kujengewa au ya Risasi?

Asubuhi baiskeli yangu haina neno. Hapa Nairobi, kutoka Uthiru hadi Westlands mteremko ni mwingi kuliko mlima, na hata betri mahututi ingenifikisha. Kesi huamuliwa jioni. Zamani nilikuwa napanda Waiyaki Way hadi nyumbani taa mbili zikiwa bado zinawaka kwenye skrini ya usukani. Ikawa taa moja. Ikawa nikikaribia Kangemi mota inakata, nashuka, nasukuma kilo 25 za chuma kando ya barabara huku makanga wakiniuliza kama nauza.

Baiskeli yenyewe ni mtumba kutoka Ulaya: volti 36, mota ndani ya gurudumu la nyuma, betri imelazwa chini ya keria. Modeli yake haitengenezwi tena. Nimeizungusha kutoka Luthuli hadi Kirinyaga Road, na kila niliyemuuliza alikuwa na jibu lake. Nikiyachuja, majibu ni manne: betri ya kampuni iliyotengeneza baiskeli, betri ya Kichina iliyo tayari, kujengewa seli mpya ndani ya ganda la zamani, na betri za risasi, yaani za aina ile ya gari. Nayaweka hapa ubavu kwa ubavu, na sitajifanya kuwa yote nayapenda sawasawa.

Kabla hujailaumu betri

Azima multimita, kile kifaa cha kupimia volti. Betri ya lithiamu ya volti 36 ina makundi 10 ya seli yaliyoungwa moja baada ya jingine, na kila kundi likijaa hufika volti 4.2. Kwa hiyo betri iliyojaa isome 42 au pungufu kidogo. Ikisoma hivyo nyumbani, kisha ikaporomoka hadi 32 ukianza kupanda mlima na kurudi juu ukisimama, seli zimechoka. Hapo tafuta betri. Lakini ikiwa haivuki 39 hata baada ya kulala kwenye chaja usiku kucha, pima chaja kwanza, bila kuichomeka kwenye betri. Chaja mbovu huigiza betri mbovu vizuri sana, na bei zao hazikaribiani. Tazama pia vile vyuma vinavyogusana betri inapoingia kwenye reli yake. Baada ya mvua za Aprili yangu ilikuwa na kutu ya kijani, na kuisafisha kuliniongezea karibu wiki mbili za matumaini ya bure.

Kuna fundi atakayekuambia kundi moja tu ndilo limekufa, abadilishe hilo na mengine yabaki. Huenda kweli limekufa moja. Ila seli mpya katikati ya seli za miaka sita hazifanyi zile za zamani kuwa vijana: betri nzima itaendelea kukata pale lile kundi linalofuata kwa uchovu litakapoishiwa, nawe utarudi kwake kila baada ya miezi michache. Na seli iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2 haifai kufufuliwa kabisa. Shaba ya ndani huyeyuka na kujijenga upya pasipotakiwa, ikaja kuleta shoti siku ambayo hukuitarajia.

Je, baiskeli yako huongea na betri?

Hili ndilo swali ambalo wauzaji wengi hawakuulizi, na ndilo linaloamua kama una majibu manne au moja tu.

Baiskeli nyingi za Kichina, na nyingi za Ulaya zenye mota ya gurudumu, hazijali betri imetoka wapi. Zinataka waya mbili nene, chanya na hasi, na volti zinazofaa. Nyingine, hasa zenye mota katikati kwenye pedali za Bosch, Shimano au Yamaha, hubadilishana ujumbe na betri kabla ya kuwaka. Betri isiyojua kujibu haikubaliwi, hata ikiwa mpya na imejaa. Kampuni ya BionX ya Kanada ilikuwa ya namna hiyo pia. Ilipofilisika mwaka 2018, wenye baiskeli zake walibaki na mota nzima zisizopata betri.

Fungua betri na utazame konekta. Ukiona vyuma viwili vinene pekee, pumua. Ukiona na vingine vyembamba pembeni, usinunue chochote kabla fundi hajahakikisha kazi yake, kwa sababu wakati mwingine havina kazi yoyote na wakati mwingine ndiyo hiyo lugha ya siri. Kama mota yako iko ndani ya gurudumu, bado kuna njia ya pembeni: kubadilisha kontrola, yaani kile kisanduku kinachoendesha mota, na skrini uweke za kawaida, baiskeli iache kuuliza maswali. Mota ya Bosch haina njia hiyo ya mkato, maana kontrola imo ndani ya mota yenyewe.

Ile ya kampuni

Kama baiskeli yako huongea, hapa ndipo ulipo, na sina cha kukupunguzia ila kukwambia ukague namba ya modeli herufi kwa herufi. Kampuni moja hubadilisha umbo la betri na lugha yake kila baada ya miaka kadhaa, na betri mpya ya jina lile lile inaweza kukataa kuingia kwenye baiskeli ya zamani. Angalia pia tarehe ya kutengenezwa. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa kwenye boksi lake rafuni, kwa hiyo "mpya" iliyokaa dukani miaka mitano ni mpya kwa jina.

Sasa suala la kuileta. Wengi wetu tuna ndugu ughaibuni, na wazo la kwanza ni kumwomba binamu aliyeko Ujerumani aibebe Desemba akija. Hawezi. Sheria za usafiri wa ndege huruhusu abiria betri ya hadi wati-saa 100 bila kuuliza, na kati ya 100 na 160 kwa idhini ya shirika la ndege. Betri ndogo ya baiskeli ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360, yaani 36 mara 10. Itaishia uwanjani, na binamu ataikosa pamoja na heshima yake kwako. Tangu Aprili 2016 hata kuisafirisha peke yake kama mzigo ndani ya ndege ya abiria kumepigwa marufuku. Inabaki ndege ya mizigo kupitia wakala mwenye kibali cha bidhaa hatari, au meli hadi Mombasa na subira.

Upande wa ushuru, Sheria ya Fedha ya 2023 iliziweka baiskeli za umeme na betri za lithiamu ioni kwenye VAT ya asilimia sifuri, lakini mambo haya huguswa karibu kila bajeti ya Juni. Pata hesabu kamili kutoka kwa wakala wa forodha kabla hujalipa muuzaji wa ng'ambo, si baada.

Kwa baiskeli isiyoongea, kuagiza ya kampuni ni kununua kibandiko. Mimi niliiondoa kwenye orodha mapema.

Iliyo tayari

Hizi ni zile zinazokuja na ganda lake, kufuli, ufunguo na bamba la kufunga kwenye fremu. Umbo linalopatikana zaidi ni lile refu la kukaa kwenye bomba la chini la fremu, ambalo wauzaji huliita Hailong. Ukiwa na fremu ya pembetatu ya kawaida, hili ndilo jibu ambalo ningekusukuma uelekee. Imefungwa kiwandani, ina BMS yake, yaani ile bodi inayolinda seli zisijae kupita kiasi wala kuisha kabisa, na ukinunua kwa mtu mwenye duka lisilohama una mahali pa kurudi.

Vitu vitatu nivilinganishe hapa kwa undani, kwa sababu ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Volti kwanza. Muuzaji asiye na ya 36 atakupa ya 48 akikuapia baiskeli itakimbia zaidi. Itakimbia kweli, siku chache. Ya 48 ikijaa hufika volti 54.6, na kontrola nyingi za volti 36 zina kapasita za mwisho volti 50. Zikipasuka utasikia mlio kama wa popkoni na harufu ambayo huisahau.

Pili, ampea. Kontrola imeandikwa kiwango chake cha juu, mara nyingi 15 kwa baiskeli ya wati 250. BMS ya betri mpya iwe juu ya hapo, si sawa na hapo. BMS ya ampea 15 kwenye kontrola ya ampea 15 ndiyo itakayokuzimia katikati ya mlima, na utafikiri umeuziwa betri mbovu.

Tatu, uzito, na hapa nina kisa, lakini kitasubiri sehemu inayofuata. Kwa sasa shika hili: seli ya kawaida ya 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, ikiwa ya kweli huwa na gramu 45 hadi 50. Na iliyo bora kabisa hubeba milliampea-saa 3,500 au 3,600. Ukiona imeandikwa 9,900, rudisha mahali ulipoitoa.

Kujengewa

Fremu yangu ni ya kushuka katikati, ile waliyokuwa wakiiita ya akina mama. Haina bomba la kufungia Hailong, na ganda langu la kwenye keria halipatikani likiwa jipya. Kwa hiyo kujengewa ndiko kulikonifaa: seli za zamani zitoke, mpya ziingie, ganda, kufuli na konekta vibaki.

Faida yake ni kwamba kila kitu kinaingia kama kilivyotoka. Tena seli za leo hubeba zaidi ya zile za miaka kumi iliyopita kwa ukubwa ule ule, hivyo ganda la ampea-saa 10 linaweza kurudi na 13 au 15. Hasara ni kwamba unanunua kitu usichokiona. Likishafungwa ganda, ndani kunaweza kuwa na chochote.

Fundi wa kwanza, ambaye simtaji, aliniahidi ampea-saa 15 kwa bei iliyonifanya nicheke kwa furaha. Nilipoenda kuchukua nikamwomba asifunge ganda kwanza. Nikaubeba mkungu wa seli hadi bucha ya jirani na kumwomba mwenye bucha aniwekee kwenye mizani. "Hii ni nyama gani?" akaniuliza. Kilo 1.7. Sasa piga hesabu nami. Hata kwa seli bora za sokoni, ampea-saa 15 zinahitaji angalau makundi 10 ya seli 5, yaani seli 50. Mara gramu 47, ni kilo 2.35 kabla ya waya na bodi. Nilirudi, nikachana karatasi ya bluu pembeni, na seli zilizokuwa chini yake zilikuwa za rangi tatu tofauti. Zilikuwa za laptopu zilizokufa. Kila moja ilikuwa na maisha yake ya nyuma, na zimeunganishwa ziishi pamoja kwa nguvu. Malipo ya awali sikurudishiwa yote.

Fundi wa pili alinipotezea muda kwa njia nzuri. Alinionyesha seli zikiwa kwenye trei, zote za aina moja na zenye namba za kundi moja la kiwandani. Alipima volti ya kila moja mbele yangu. Zilitofautiana kwa sehemu ndogo sana ya volti. Aliziunganisha kwa vipande vya nikeli kwa mashine ya kuchomelea ya nukta, si kwa risasi na pasi ya kulehemu. Hilo ni jambo la kumwondokea fundi papo hapo: pasi ikigusa seli inaichoma ndani, na huoni kitu kwa nje. Mwisho akaweka BMS mpya ya ampea 25, kwa maelezo kwamba kuihifadhi ile ya zamani ili kuokoa pesa kidogo ni kuvaa suti mpya na soksi zenye matundu.

Jambo moja zaidi kwa wenye baiskeli zinazoongea: baadhi ya BMS hujifunga moja kwa moja zikitenganishwa na seli zake, na hazifunguki tena. Kwa baiskeli hizo, kujengewa ni kamari hata kwa fundi mzuri.

Risasi, na ile LFP

Kuna muuzaji atakayekuonyesha betri tatu za volti 12 za ampea-saa 12, akuunganishie ziwe 36, na bei itakuwa ya chini kuliko zote. Kwenye karatasi ni wati-saa 432. Mlimani ni kitu kingine, kwa sababu risasi ikivutwa kwa nguvu hutoa sehemu tu ya ilichoandikiwa. Panga safari zako kana kwamba una nusu. Kisha uzito (LFP ni aina ya lithiamu inayotumia chuma na fosfeti):

| Kwa baiskeli ya volti 36 | Risasi | Lithiamu ya kawaida | LFP |
|---|---|---|---|
| Muundo | betri 3 za volti 12 | makundi 10 | makundi 12 |
| Volti ikijaa | takriban 44 | 42 | 43.8 |
| Uzito | kilo 12 na zaidi | 2.5 hadi 3 | 4 hadi 5 |
| Mizunguko ya chaji | 200 hadi 300 | 500 hadi 800 | 2,000 na zaidi |

Mzigo huo si wa mzaha. Kupandisha kilo 100, mtu na baiskeli, kwenda juu mita 100 hula wati-saa kama 35 hadi 40 ukihesabu na kinachopotea kwenye mota. Ukiongeza kilo 10 za risasi unalipa asilimia 10 zaidi kwa kila mlima, na betri yenyewe ndiyo inayolipa. Risasi naielewa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea maji au mboga, mahali tambarare, Embakasi au Donholm. Na ikifa haipotei hewani. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kiliwatia wakazi sumu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Ukiuza za kwako kwa wa vyuma chakavu, ujue zinaelekea wapi.

LFP ndiyo ninayoihusudu. Inadumu, na ni ngumu zaidi kushika moto. Tatizo ni ukubwa: haingii kwenye maganda yaliyotengenezewa seli za kawaida. Mwenye nafasi ya kuweka boksi kwenye keria, na anayeendesha kila siku kwa kazi, aitafute. Ila chaja yake ni nyingine. Tazama volti kwenye jedwali: zinakaribiana kiasi kwamba plagi ya moja itaingia kwa nyingine bila kukuuliza. Na plagi zinazofanana hazina maana kuwa chanya iko upande ule ule. Pima kabla ya kuchomeka, kila chaja mpya, bila aibu.

Za boda boda?

Nimeulizwa mara nyingi: pikipiki za umeme zimejaa mjini, mbona usipate betri ya huko? Kwa sababu nyingi ya hizo ni mali ya kampuni za kubadilishana betri. Mwendeshaji hukodi tu chaji. Ukiuziwa moja kituoni, umenunua mali ya mtu yenye uwezo wa kufungwa kwa mbali. Tena ni kubwa, na volti zake si zako.

Bei, na mahali pa kuchajia

Usilinganishe bei ya betri na bei ya betri. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, kisha gawa bei kwa hizo. Tuseme mmoja anataka elfu 30 kwa ya wati-saa 360, mwingine elfu 42 kwa ya 500. Ya kwanza ni shilingi 83 kwa kila wati-saa, ya pili 84. Ni bei ile ile. Unachochagua ni umbali tu. Risasi, gawa kwa nusu ya kilichoandikwa, na utaona unafuu wake ukinywea. Umeme wenyewe usikusumbue: hata ukiweka shilingi 30 kwa uniti, kuijaza ya wati-saa 360 hakufiki shilingi 15.

Moto ndio wa kukusumbua. New York ilipoteza watu 18 mwaka 2023 katika mioto ya betri za lithiamu, na jiji hilo sasa hudai betri za baiskeli zinazouzwa humo ziwe zimethibitishwa kwa kiwango cha UL 2271. Ukiona alama hiyo, au EN 50604 ya Ulaya, kwenye betri iliyo tayari, ongeza alama zako pia. Halafu fikiria chumba chako. Nyumba zetu nyingi za kupanga zina mlango mmoja, na madirisha yana vyuma vya kuzuia wezi. Betri inayochajiwa karibu na mlango ikilipuka, imekufungia ndani. Mimi huchaji jioni nikiwa macho, sakafuni, upande wa ndani kabisa, mbali na kochi, na nachomoa kabla ya kulala.

Kwa hiyo: baiskeli inayoongea, ya kampuni au ubadilishe kontrola. Fremu ya kawaida isiyoongea, iliyo tayari. Ganda la ajabu kama langu, kujengewa, na ukae pale fundi akifanya kazi hata kama utakunywa chai nne. Ile mbovu niliipeleka WEEE Centre, ambao hapa Nairobi hupokea taka za kielektroniki, nikiwa nimefunika vyuma vyake kwa selotepu.

Mkungu mpya niliupitisha bucha ile ile kabla haujafungwa. Kilo 2.7. Mwenye bucha akautazama, akanitazama, akasema, "Huyu sasa amenona."